Shajara ya kupaka rangi nyumba: tangu kumtafuta fundi hadi kukabidhiwa kazi

Kabla ya kumpigia simu fundi yeyote

Nyumba inahitaji rangi sebuleni, kwenye korido, katika vyumba vyote vya kulala, na kwenye milango pamoja na fremu zake. Kuta za nje zitasubiri zamu yake. Naanza kuandika sasa, kabla hata kopo moja halijafunguliwa, kwa sababu nasikia watu wengi wakiulizana ni rangi gani nzuri, na wachache sana wakiulizana ukuta wao una hali gani. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya pesa anayolipwa fundi rangi mzuri ni ya yale anayoyafanya kabla ya kuchovya brashi. Shajara hii itafuatilia jambo hilo zaidi ya lingine lolote.

Leo nimepita chumba hadi chumba na daftari. Dari ya sebule ina doa la kahawia, lililoachwa na uvujaji ambao ulishazibwa. Kwenye korido kuna kipande kirefu cha plasta mpya, palipochimbwa mabomba yalipobadilishwa. Ukuta wa chumba chetu ukiupapasa unaacha unga mweupe kiganjani. Nyuma ya kabati la watoto, kwenye kona, kuna ukungu. Milango imepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, na karibu na bawaba imeanza kubanduka kwa maganda mazito.

Ule ukungu ndio ulionipa wasiwasi, kwa kuwa rangi haitibu unyevu. Ukipaka juu yake, utarudi. Kwanza ilibidi kujua maji yanatoka wapi: ndani ya ukuta au kwenye hewa ya chumba? Njia ya kujua ni rahisi. Unakata kipande cha nailoni, unakibandika ukutani na kuziba kingo zote nne kwa tepu, kisha unakiacha hapo siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani na dawa ni fundi bomba au fundi paa. Yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa unaoganda kwenye ukuta baridi. Kwetu yalitokea upande wa chumbani. Kabati lilikuwa limebanwa ukutani na hewa haikupita nyuma yake. Tumelisogeza, na dirisha la chumba kile sasa linafunguliwa kila asubuhi.

Mafundi wamekuja kutazama

Tuliwaomba mafundi kadhaa waje, kila mmoja kwa wakati wake, na wote niliwaonyesha vyumba vilevile kwa mpangilio uleule ili niweze kulinganisha.

Mmoja alitaja bei kwenye simu kabla ya kuona nyumba. Nilimshukuru na sikumwita. Bei ya kazi isiyoonekana ni ya kubahatisha, na kubahatisha huko hulipwa na mmoja wetu: ama yeye atapunguza kazi ili asipate hasara, ama mimi nitaongezewa gharama katikati ya safari.

Mwingine alikuja, akasimama katikati ya kila chumba, akapima kwa macho, akauliza rangi tunayoitaka. Alikuwa mstaarabu, na kazi yake ya hivi karibuni aliyotuonyesha kwenye simu ilipendeza. Lakini hakugusa ukuta hata mmoja.

Aliyefuata alianza kwa kupapasa. Alipitisha kiganja kwenye ukuta wa chumba chetu, akatazama unga, akalowanisha kidole na kusugua tena. Alibandika tepu kwenye rangi ya zamani ya sebule na kuivuta kwa ghafla, kuona kama itaondoka na rangi. Korido ikampeleka moja kwa moja kwenye plasta mpya. "Dada, hii ilipigwa lini?" Nilipomtajia, akatikisa kichwa. "Bado. Tukiipaka sasa itatusumbua." Kisha akawasha tochi ya simu, akailaza karibu kabisa na ukuta wa sebule, na mwanga ukapita ubavuni ukionyesha kila bonde, kila kovu la msumari, kila mahali ambapo puti ya zamani, ule ujazo wa nyufa na mashimo, ilivimba. Tumeishi humu miaka na hatukuwahi kuuona ukuta ule hivyo.

Huyo ndiye tuliyemchagua, ingawa makadirio yake hayakuwa ya chini kuliko yote. Kabla ya kumwambia, niliomba kuona kazi yake. Sikutaka ya mwezi uliopita, nilitaka iliyokaa muda. Rangi mpya hupendeza karibu kwa kila fundi, na kasoro za maandalizi hujitokeza zinapopita misimu ya joto na ya mvua. Akatupeleka kwa mteja wake wa zamani ambaye alituruhusu kuingia. Nilitazama mahali ambapo watu hawatazami: ukingo wa juu wa mlango, nyuma ya mlango, pembeni mwa swichi, mstari ambapo ukuta unakutana na dari. Mistari ilikuwa imenyooka, na ukingo wa juu wa mlango ulikuwa umepakwa. Mbao isiyopakwa juu hunyonya unyevu na kuvimba, na fundi anayeukumbuka ukingo huo hahitaji kusimamiwa kila saa.

Nilimuuliza pia nani hasa atafanya kazi. Kuna mafundi wanaokuja kutazama wao, halafu wanatuma watu wengine. Akajibu kwamba atakuwapo mwenyewe pamoja na kijana wake mmoja, na hilo tukaliandika.

Mkataba

Kurasa mbili tu, lakini jioni nzima imekwisha. Nashauri kila mtu aipe hatua hii muda wake.

Jambo la kwanza tulilotenganisha ni makadirio na bei iliyofungwa. Makadirio yanaweza kupanda; bei iliyofungwa haipandi isipokuwa kazi yenyewe ibadilike. Tumekubaliana bei iliyofungwa, na kazi yoyote ya ziada iandikwe na kusainiwa na pande zote mbili kabla haijaanza. Maneno ya "tutaelewana" hayamo.

Kila chumba kina mstari wake: kitakwanguliwa nini, kitapigwa msasa wapi, praima gani (ile rangi ya msingi inayotangulia), mikono mingapi ya rangi, yaani itapakwa mara ngapi, ya aina gani, yenye mng'ao gani. Neno "kupaka" peke yake halitoshi. Mtu anaweza kupiga mkono mmoja mwepesi juu ya vumbi na akawa amepaka. Fundi mwenyewe ndiye aliyependekeza tuandike hivi, na hapo imani yangu kwake iliongezeka, maana mkataba wa wazi unamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayeongeza vyumba kwa mdomo.

Rangi tumezitaja kwa kodi, yaani namba maalumu ya kila rangi. Majina ya rangi ni ya matangazo, na kila kiwanda kina "krimu" yake. Mifumo kama RAL, ulioanzia Ujerumani mwaka 1927, iliwekwa ili watu walio mbali waweze kuzungumzia rangi ileile bila kuonana. Ukiandika RAL 9010, fundi, muuzaji na mwenye nyumba wote wanazungumzia nyeupe moja.

Malipo ni kwa hatua: sehemu ya mwanzo kwa ajili ya vifaa, sehemu maandalizi yatakapokamilika na mimi nikayakagua, sehemu kuta zitakapokwisha, na kiasi cha mwisho kinabaki mpaka ukaguzi. Hatua ya pili niliipigania. Rangi ikishafunika ukuta, hakuna tena anayeweza kuona kama msasa ulipita au haukupita. Ukaguzi wa maandalizi ni lazima uwe na siku yake.

Mengine yaliyomo: nani anahamisha samani, nani anafunika sakafu, taka zinapelekwa wapi, saa za kazi, dhamana ya kurudia sehemu itakayobanduka, na nani anabeba gharama kitu kikivunjika.

Kiasi cha rangi

Hesabu hii niliifanya pembeni ya yake ili nielewe oda ya vifaa. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mzunguko wa mita 18. Kikiwa na kimo cha mita 2.7, kuta zake ni mita za mraba 48.6. Ondoa mlango wa 1.6 na dirisha la 1.8, inabaki kama 45. Mikono miwili ni 90. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika karibu mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo ni takriban lita 9, ukiongeza akiba inafika 10. Ukuta mkavu unaonyonya, au wenye chembechembe, hula zaidi. Hesabu zetu mbili zilikaribiana.

Kingine alichosisitiza fundi ni namba ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa kuchanganya rangi. Makopo ya rangi moja yaliyochanganywa siku tofauti yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta. Tumenunua yote kwa pamoja, na hata hivyo atayamimina kwenye ndoo moja kubwa na kuyakoroga kabla ya kuanza.

Madini ya risasi

Hapa mradi umesimama, na ni sawa usimame.

Nyumba ni ya zamani na milango ni ile ya mwanzo. Fundi alipoona matabaka karibu na bawaba, akasema hatapiga msasa mkavu mpaka tujue tabaka za chini zina nini. Rangi za zamani, hasa za mafuta za mbao na za chuma, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka, zifunike vizuri na zidumu. Hatari yake si siri ya juzi. Mwaka 1921, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo, kwa kuwa wapaka rangi walikuwa wakiugua na kufa. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978, na mwaka 2009 kikomo kikashushwa hadi sehemu 90 kwa milioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi: hutambaa sakafuni, hutia mikono mdomoni, na miili yao hufyonza risasi nyingi kuliko ya mtu mzima. Madhara kwenye ubongo hayarudi nyuma.

Tumekata kipande kidogo cha rangi chenye matabaka yote hadi kwenye mbao na kukipeleka maabara.

Majibu ya maabara

Fremu na baadhi ya milango vina risasi kwenye tabaka za chini. Kuta hazina.

Tumekaa na fundi kupanga upya sehemu hii ya kazi, na mabadiliko tumeyaandika na kuyasaini. Rangi ya risasi iliyoshika vizuri na isiyobanduka haina haja ya kung'olewa. Hatari iko kwenye vumbi na maganda. Panaposhika, ataosha na kulainisha kwa msasa wa maji, akiuweka uso ukiwa umelowa muda wote, kisha atafunika kwa praima na rangi mpya. Panapobanduka atakwangua pakiwa pamelowa. Hakuna mashine ya msasa. Hakuna moto wa gesi, kwa sababu joto kali hugeuza risasi kuwa mvuke unaovutwa na pua. Mlango wa chumba kinachofanyiwa kazi unazibwa kwa nailoni, sakafu inatandikwa nailoni nzito, na yeye na kijana wake wanavaa barakoa za kuzuia chembe ndogo na mavazi ya kutupwa. Usafi ni kwa kitambaa chenye maji na kwa mashine ya kunyonya vumbi yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana; ufagio haugusi kitu, maana unarusha vumbi hewani.

Watoto wanahamia kwa bibi yao mpaka sehemu hii iishe. Mama alipouliza kama ni lazima, nilimweleza kwa kirefu, naye akasema, "Basi waje leo, usingoje kesho."

Nataka kusema wazi: fundi ambaye angepiga msasa mkavu kwenye milango ile angemaliza mapema, na angetuachia sumu kwenye zulia. Kama nyumba yako ni ya zamani na fundi haulizi umri wa rangi, muulize wewe.

Kuchagua rangi

Tumetumia muda mfupi kuliko nilivyodhani, kwa sababu tulikuwa na utaratibu. Vile vipande vidogo vya kadi ya kiwandani havitoshi. Tulipaka sampuli kwenye makaratasi makubwa mikono miwili, tukaacha ukingo mweupe kuzunguka, na tukayahamisha ukuta hadi ukuta, asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Rangi ya mwanga wa taa hupimwa kwa kelvini (K): taa ya 2700 K ina manjano. Ya 6500 K hukaribia mwanga wa mchana na ina ubuluu. Kijivu tulichokipenda mchana kiligeuka kuwa na ukijani chini ya taa za sebule, kikaondoka kwenye orodha.

Jirani wa rangi naye ana neno. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi za nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, alieleza mwaka 1839 jinsi rangi mbili zikikaa pamoja kila moja hubadilisha jinsi nyingine inavyoonekana. Sakafu yetu ni ya mbao nyekundu, na weupe wowote wenye upinki ulizidi kuwa mwekundu ukikaribia sakafu. Tumechagua nyeupe yenye manjano kidogo sebuleni, kijani kilichofifia chumbani kwetu, na kwa watoto buluu nyepesi waliyoichagua wenyewe kwa ugomvi mrefu.

Mng'ao ulijadiliwa zaidi ya rangi. Mimi nilitaka silki, yenye mng'ao wa wastani, kila mahali kwa sababu inaoshika. Fundi akarudisha tochi yake ukutani: kadiri rangi inavyong'aa ndivyo inavyoonyesha mabonde. Tukakubaliana mati, isiyong'aa, kwenye dari na sebuleni, mati inayoweza kuoshwa kwenye korido na kwa watoto, na nusu-glosi kwenye milango. Kwa upande wa harufu na kemikali zinazoruka hewani, tulitafuta rangi ya maji iliyo ndani ya kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa rangi za mati za ndani, yaani gramu 30 kwa lita, kinachotumika tangu 2010. Kiwango huandikwa kwenye kopo.

Maandalizi

Samani ziko katikati ya vyumba, zimefunikwa. Vifuniko vya swichi na soketi vimefunguliwa baada ya umeme kuzimwa. Fundi hapaki rangi kwa kuzizunguka. Vitasa vimetolewa na kutiwa kwenye mifuko yenye jina la kila mlango.

Ukuta wa unga katika chumba chetu ulikuwa na chokaa ya zamani chini. Rangi mpya ingeshika unga, na unga haujashika ukuta, kwa hiyo vyote vingeanguka pamoja. Ameukwangua hadi palipo pagumu, akauosha kwa sifongo na maji akiyabadilisha kila mara, akauacha ukauke, kisha akapiga praima inayopenya na kufunga chembe. Leo nimepapasa: kiganja kimerudi kisafi.

Kona ya ukungu imesuguliwa kwa dawa ya kuua kuvu, ikaachwa ifanye kazi, ikaoshwa, ikakauka. Hakuikwangua ikiwa kavu, ili mbegu za kuvu zisisambae chumbani.

Nyufa ndio somo nililolipenda. Nilidhani zinajazwa tu. Kumbe huzipanua kwanza kwa ncha ya kikwangulio zikawa na umbo la herufi V, akafuta vumbi, akalowanisha, ndipo akajaza puti kwa tabaka nyembamba na kungoja kila moja ikauke. Puti ikiwekwa nene kwa mara moja husinyaa na kupasuka tena. Pale ukuta unapokutana na fremu ya mlango hakutumia puti kabisa. Mbao hutanuka na kusinyaa, na puti ni ngumu. Ametumia kijazio cha akriliki kinachonyumbuka.

Halafu msasa: namba 120 kusawazisha puti, 180 kulainisha. Namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo. Kijana wake alifuata nyuma na tochi, akizungushia kasoro duara jepesi la penseli, na fundi mwenyewe akizirudia. Duara hizo zilikuwa nyingi sebuleni kuliko nilivyofurahia kuona, na zote zilishughulikiwa.

Ukaguzi wangu wa hatua hii niliufanya jioni, jua likiwa limezama, kwa tochi. Nimelipa sehemu ya pili bila kusita.

Doa la dari

Lilitaka umakini wa pekee. Doa la maji lina vitu vinavyoyeyuka katika maji, na rangi ya dari ni ya maji. Ukipaka moja kwa moja, maji ya rangi huyeyusha doa na kulipandisha juu, hata ukipiga mikono mitano. Fundi alifunika doa kwa praima ya mafuta ya kuzuia madoa, akapita kidogo nje ya mipaka yake, akaacha likauke hadi siku iliyofuata. Kisha dari nzima ikapigwa mikono miwili. Hakuna kilichorudi.

Kuta

Dari kwanza, kuta baadaye, mbao mwisho, ili matone yaangukie mahali ambapo bado patapakwa.

Nilikaa mlangoni kutazama. Kila ukuta huanza na brashi kwenye kingo, upana wa kiganja hivi, kisha rola inaingia mara moja kabla kingo hazijakauka. Anashusha rangi kwa njia ya herufi W, anaitawanya, na kumalizia kwa kuvuta rola bila kukandamiza, kuelekea upande mmoja. Siri yake ni ukingo mbichi: kila mpigo mpya ugusane na rangi ambayo bado ina maji. Ukipumzika katikati ya ukuta, mstari wa makutano unabaki pale milele. Ndiyo maana simu iliita nayo ikaachwa iite mpaka ukuta ukaisha.

Rola za kuta laini ni za manyoya mafupi. Mkono wa pili ulisubiri angalau saa 4, kama kopo lilivyoelekeza, na siku moja ya mvua aliahirisha kabisa. Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 85, rangi ya maji hukauka vibaya. Sikulalamika.

Tepu ya karatasi aliivuta rangi ikiwa haijakauka sana, kwa pembe, taratibu. Ikiachwa ikakauka kabisa, huondoka na ngozi ya rangi.

Milango

Imekwenda kama ilivyopangwa: maji, msasa wa maji, praima, mikono miwili. Taka zote zenye risasi zimefungwa kwenye mifuko miwili miwili na kupelekwa panapopokelewa taka hatari. Nyuso zimepanguswa mara kadhaa, na tulipima vumbi la sakafu na la vizingiti vya madirisha maabara kabla ya kuwarudisha watoto. Liko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Gharama ya kipimo kile ndiyo niliyoilipa kwa moyo mkunjufu kuliko zote.

Fundi alitukumbusha jambo moja kuhusu vitambaa vya mafuta. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa kinaweza kujipasha joto na kuwaka chenyewe. Vya kwake huvitandaza nje vikauke, au huvizamisha kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Ukaguzi

Tulipita wote wawili, mchana kwa mwanga wa dirisha na usiku kwa taa, tukisimama mbali kidogo na ukuta jinsi mtu anavyoishi na chumba, kisha karibu panapotiliwa shaka. Orodha ilikuwa fupi: tone lililoganda chini ya kitasa, sehemu hafifu nyuma ya mlango wa sebule, na mstari wa dari katika chumba cha watoto uliopinda karibu na dirisha. Alirekebisha vyote kesho yake. Kiasi cha mwisho tumekigawa mara mbili, kimoja nimelipa, kingine kinasubiri korido.

Korido

Plasta ya saruji ikiwa mbichi ina alikali kali, na inahitaji kama siku 28 kupoa na kukauka, zaidi kukiwa na unyevu. Ingepakwa rangi ya mafuta mapema, alikali ingegeuza mafuta yale kuwa kama sabuni na rangi ingenata na kubanduka. Hata ya maji hupata mabaka na chumvi nyeupe inayosukumwa nje. Ndiyo maana fundi aliiacha mwisho.

Amerudi leo. Alipima unyevu, akafuta chumvi kidogo iliyokuwa imetoka kwa brashi kavu, akapiga praima ya kuhimili alikali juu ya plasta yote mpya, na sasa mkono wa kwanza wa rangi unakauka. Wakati akisubiri alikagua nyumba nzima bila kuombwa, akaona ufa mwembamba kama unywele umefunguka juu ya mlango wa chumba chetu. Akaufungua upya, akabandika mkanda wa nyuzi, akaujaza. Hilo liko ndani ya dhamana.

Kwenye faili nimeweka mkataba, majibu ya maabara, na karatasi yenye kodi ya kila rangi, mng'ao wake, chumba chake na namba ya bechi. Makopo yaliyobaki yameandikwa majina, vifuniko vimegongwa vizuri, yamewekwa ndani mbali na jua. Kuta hazitaoshwa kwa muda wa mwezi hivi. Rangi ya maji hukauka kwa saa chache lakini huchukua wiki kadhaa kukomaa. Mkono wa pili wa korido ni kesho asubuhi, kisha tunamaliza hesabu.